Ndimu na Kotmiri: Ni Washindani au Wasaidizi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mmea wenye manufaa, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Katika darsa ya akina mama ambayo huwa tunaisomesha baada ya sala ya Alasiri, tulipokea swali lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Swali lenyewe lilikuwa fupi: “Sheikh, baina ya ndimu na kotmiri, ni kipi chenye vitamini zaidi?” Tulitabasamu kidogo, kwani maswali tuliyoyazoea ni ya twahara, ya mirathi na ya malezi. Tukasema tutalijibu wiki ijayo, tukafunga darsa kwa dua.

Watu walipotawanyika, mama mmoja wa makamo alibaki nyuma. Swali lilikuwa lake. Akatueleza kwamba mkaza mwanawe ana mimba ya miezi 6, na kliniki ameambiwa damu yake iko chini. Amepewa vidonge vya madini ya chuma, lakini vinamtia kichefuchefu, basi ameviacha. Badala yake, mama huyu humsagia kicha kizima cha kotmiri kila asubuhi, akamchujia maji yake na kumnywesha, kwa kuwa ni kijani na kijani huongeza damu. Na ndimu ameipiga marufuku katika nyumba nzima, kwa sababu, alisema, “ndimu hukausha damu.”

Hapo tabasamu lilitutoka. Tulifahamu kwamba nyuma ya swali lile dogo kulikuwa na roho mbili: ya mama na ya mwana aliye tumboni.

Kauli tuliyoinukia nayo

Kabla ya kumlaumu mtu, tuseme la haki juu ya nafsi zetu. Kauli ya kwamba ndimu hukausha damu sisi pia tumeinukia nayo. Wasichana wa mitaani kwetu walikatazwa ndimu na maembe mabichi wanapokuwa katika siku zao. Na mke wetu alipobeba mimba ya kwanza, sisi wenyewe tuliiondoa ndimu kwenye sinia, naye alikuwa akiitamani kweli kweli. Tulidhani tunamhifadhi. Hatukuuliza mjuzi, na Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye ujuzi pale tusipojua.

Safari hii tuliuliza. Tulikwenda kwa muuguzi anayehudumia wajawazito, tukakaa pia na mtaalamu wa lishe, tukasoma vitabu vyenye hesabu za vyakula. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea hapa, ili yawe faida kwa kila nyumba yenye ndimu jikoni na kotmiri kwenye kapu la sokoni.

Tuvijue kwanza vitu vyenyewe

Ndimu tunayoikusudia ni ile ndogo ya mviringo, yenye ganda jembamba na maji makali. Ni ndugu ya limau, chungwa, chenza, danzi na balungi. Wote ni wa ukoo mmoja. Katika ukoo huo yumo pia utrujja, tunda kubwa la manjano lenye ganda nene na harufu nzuri. Wanafunzi wa madrasa wanalijua jina hilo kutokana na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) amemfananisha muumini anayesoma Qur'ani na utrujja, kwa kuwa tunda hilo lina ladha nzuri na harufu nzuri. Naye Imam Ibn Qayyim, aliyefariki mwaka wa 751 Hijria, amelitaja tunda hilo miongoni mwa vyakula na dawa alivyovieleza alipoandika juu ya tiba ya Mtume.

Kotmiri, ambayo wenzetu wa bara huiita dania, ni majani ya mmea ule ule unaozaa punje za giligilani tunazozikaanga na kuzisaga kwa ajili ya pilau na mchuzi. Lakini majani na punje si kitu kimoja kwa lishe. Maneno yetu ya leo yanahusu majani mabichi.

Hesabu ya gramu 100

Wataalamu wa lishe wakitaka kulinganisha vyakula huchukua kipimo kimoja cha uzito, kwa kawaida gramu 100 za kile kinacholiwa. Wakivipima hivi viwili katika hali ya ubichi, hesabu huwa kama ifuatavyo:

Nishati: ndimu kalori 30, kotmiri kalori 23.
Vitamini C: ndimu miligramu 29, kotmiri miligramu 27.
Madini ya chuma: ndimu miligramu 0.6, kotmiri miligramu 1.8.
Kalsiamu: ndimu miligramu 33, kotmiri miligramu 67.
Potasiamu: ndimu miligramu 102, kotmiri miligramu 521.
Foleti: ndimu mikrogramu 8, kotmiri mikrogramu 62.
Vitamini A: ndimu karibu na hakuna, kotmiri mikrogramu 337.
Vitamini K: ndimu haifiki mikrogramu 1, kotmiri mikrogramu 310.
Nyuzinyuzi: vyote viwili gramu 2.8.

Hesabu za aina hii hubadilika kidogo kwa ardhi, kwa msimu na kwa muda ambao kitu kimekaa tangu kuchumwa, lakini picha yake kwa jumla ndiyo hiyo.

Mwenye kuitazama orodha hii kwa haraka atasema kotmiri imeshinda, tena imeshinda kwa mbali. Hata katika vitamini C, ambayo ndiyo sifa kuu ya ndimu, kotmiri inakaribia kulingana nayo. Je, basi mama yule alikuwa na haki? La, hakuwa na haki, na sababu yake ni nyepesi ambayo kila mpishi anaijua.

Sahani haina gramu 100

Ni nani kati yetu anayekula gramu 100 za kotmiri? Kotmiri ni nyepesi kama unyoya. Kijiko kimoja cha chakula cha kotmiri iliyokatwakatwa hakizidi sana gramu 1. Tuchukulie nyumba ya watu 5, na mama ametia kwenye kachumbari kicha chenye gramu 50 baada ya kuondoa mizizi. Kila mtu atapata gramu 10, na ndani yake mna vitamini C isiyofika miligramu 3 na madini ya chuma yasiyofika miligramu 0.2.

Ndimu kwa upande wake ni nzito. Ndimu moja nzuri yenye maji ya kiasi cha gramu 40 hutoa vitamini C ya miligramu 12. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo wamekadiria mahitaji ya mtu mzima kuwa miligramu 45 kwa siku, na ya mjamzito kuwa 55. Kwa hiyo, ingawa kwenye mizani vimekaribiana, kwenye sahani ndimu humpa mtu vitamini C mara kadhaa kuliko kotmiri.

Sasa tulitazame hilo la damu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anakadiriwa kuhitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, hali mwanamume zinamtosha 8. Na mwanamke akiwa mjamzito, mahitaji hupanda hadi 27. Mwenye kutaka kuzipata miligramu 27 kwa kotmiri peke yake atalazimika kula kilo 1 na nusu kila siku. Hiyo si lishe ya binadamu. Na maji ya kotmiri yaliyochujwa kwa kitambaa yameacha sehemu kubwa ya jani katika kitambaa.

Tusiidharau kotmiri lakini. Zile gramu 10 zina vitamini K ya mikrogramu 31, ambayo ni kama theluthi ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Na vitamini K ndiyo inayosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Zina pia vitamini A kidogo kwa ajili ya macho na ngozi, ambayo mwili huipokea vyema zaidi ikiliwa pamoja na mafuta, mathalani tui la nazi. Na zaidi ya hayo, kotmiri hukifanya chakula kipendeze, na mgonjwa asiye na hamu ya kula akivutwa na harufu yake akala matonge mawili zaidi, hilo nalo ni faida. Ila tusiitwike kotmiri mzigo usio wake.

Je, ndimu hukausha damu?

Jibu la wataalamu ni moja: haikaushi. Chakula kinapoingia tumboni hukutana na tindikali ya tumbo lenyewe, ambayo ni kali vya kutosha kusaga nyama. Ukali wa ndimu si kitu kigeni hapo. Kisha mwili, kwa hekima ya aliyeuumba, huilinda damu katika kiwango chake, hata mtu akila kichachu au kitamu. Hakuna njia ambayo maji ya ndimu yataifikia damu na kuikausha, wala hayazuii hedhi, wala hayadhuru mimba.

Tunadhani kauli hii imetoka jikoni. Tunaosha samaki kwa ndimu, tunaona damu inaondoka na shombo inakatika, tukafananisha tumbo la mwanamke na karai la samaki. Lakini qiyasi ina masharti yake, na hii haikutimiza sharti.

Bali mambo ni kinyume. Madini ya chuma yaliyomo katika mimea, kama mchicha, kunde, mbaazi na maharagwe, ni magumu kwa utumbo kuyapokea. Sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Nyama na samaki yao huchukuliwa kwa wepesi zaidi. Sasa, vitamini C ikiwapo katika mlo ule ule huyageuza madini ya mimea kuwa katika hali ambayo utumbo unaweza kuyachukua, na huyashika yasifungwe na vitu vingine njiani. Kwa maneno mengine, ile ndimu tuliyoiondoa kwenye sinia la mjamzito ndiyo iliyokuwa ikimfungulia mlango wa damu.

Hebu tulitafakari hili. Bibi anampikia mjukuu wake mchicha wa nazi ili aongeze damu, kisha anamkataza ndimu ili asikauke damu. Mkono mmoja unatoa, mwingine unanyang'anya, na nia katika mikono yote miwili ni mapenzi.

Safari ya mabaharia

Nguvu ya ukoo huu wa matunda ilijulikana kwa taabu, na pwani yetu ina sehemu yake katika kisa hicho. Mwezi wa Januari 1499, Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi, alitia nanga Malindi akiwa na mabaharia wengi walioshikwa na kiseyeye: fizi zimevimba, miguu imejaa maji, na wengi walikwisha kufa baharini. Alipeleka mtu pwani kutafuta machungwa, ambayo wagonjwa wake waliyatamani mno. Machungwa yaliletwa pamoja na matunda mengine, lakini kwa wengi ilikuwa wamechelewa, wakafia hapo hapo.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1747, daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye katika makundi ya watu wawili wawili, kila kundi akalipa dawa mbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilingoja hadi mwaka wa 1795 kabla ya kuwapa mabaharia wake wote maji ya malimau. Karibu miaka 50 ilipita baina ya kujua na kutenda, na watu wakiendelea kufa. Tusicheke. Na sisi tuna ndimu mtini, na elimu imetufikia, na bado wapo tunaowazuia.

Adui aliye kwenye kikombe

Akina mama, hapa tutasema neno zito kwa mtu wa Pwani. Chai na kahawa, vikinywewa pamoja na chakula, huyashika madini ya chuma ya mimea na kuyazuia yasichukuliwe na mwili. Mlo wetu wa asubuhi tunaoupenda, yaani mahamri na mbaazi za nazi, una madini ya chuma ndani ya zile mbaazi. Lakini kikombe cha chai kinachoshushiwa juu yake huipunguza faida hiyo. Chai ya rangi na chai ya maziwa zote zina hukumu hii.

Hatusemi chai iachwe. Tunajua hatutasikilizwa, na sisi wenyewe hatutaweza. Tunasema isogezwe. Mjamzito, mama anayenyonyesha, msichana aliyebaleghe na yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu, ale mbaazi zake zilizokamuliwa ndimu, anywe maji, kisha chai aingoje kwa muda wa saa moja au zaidi. Saa moja si kubwa. Tunafunga mchana kutwa katika Ramadhani, hatushindwi na saa moja ya chai.

Jambo jingine linalofanana na hili ni kula udongo, ambako wajawazito wengi hukuficha. Dada zetu, hamu ya udongo mara nyingi huwa ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzidisha upungufu huo na unaweza kuleta minyoo. Mwenye hamu hiyo asione haya, amwambie muuguzi.

Namna ya kuvitumia pamoja

Hapa ndipo ndimu na kotmiri zinapoacha kuwa washindani. Abdullah bin Ja'far (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila tende mbivu pamoja na matango, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wamechukua humo mafunzo kwamba chakula kimoja hukamilishwa na kingine. Basi nasi tukamilishe.

La kwanza, ndimu ikamuliwe mwisho. Vitamini C huharibika kwa moto na huyeyukia katika maji. Mchicha, kisamvu, kunde au mbaazi zikishaiva na chungu kikishaepuliwa, hapo ndipo ikamuliwe, au kila mtu apewe kipande chake akamulie sahanini. Ndimu iliyokatwa jana au maji yake yaliyolala yamekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake.

La pili, kotmiri nayo itiwe mwisho, iwe mbichi. Kachumbari ya nyanya, vitunguu, kotmiri nyingi na ndimu, ikiliwa na maharagwe au pojo, ni dawa jikoni kabla ya kuwa kitoweo. Chatini ya kotmiri iliyosagwa na nazi, pilipili na ndimu ni vivyo hivyo. Kotmiri hudumu zaidi ikisimamishwa katika gilasi ya maji mahali pa baridi.

La tatu, ioshwe. Kotmiri hukua karibu na ardhi na majani yake hushika mchanga na uchafu, na si kila shamba humwagiliwa kwa maji safi. Ioshwe jani kwa jani kwa maji safi yanayopita, kabla ya kukatwa. Wala mtu asidhani kwamba kuikamulia ndimu kunatosha kuisafisha.

La nne, tusidanganywe na kila kichachu. Ukwaju ni mtamu katika mchuzi na katika viazi, lakini vitamini C yake ni kidogo mno, na siki haina. Mwenye kukosa ndimu atafute pera, kwani pera katika gramu 100 lina vitamini C ipatayo miligramu 228, kiasi cha kuwashinda ndimu na kotmiri wote kwa pamoja. Au ale chungwa au embe. Pera linauzwa kwa bei nafuu, na watoto wanalipenda.

Tahadhari tatu

Aliyepewa na daktari dawa ya warfarini ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi cha kotmiri na majani mengine ya kijani anayokula, kwa sababu ya ile vitamini K. Alichokizoea akiendeleze kwa kiasi kile kile, na akitaka kuzidisha au kupunguza amuulize daktari wake.

Mabinti wanaojipaka ndimu usoni ili ngozi ing'ae waache. Maji ya ndimu yakikaa juu ya ngozi kisha yakapigwa na jua yanaweza kuiunguza, ikatoka malengelenge na kuacha mabaka meusi kwa muda mrefu. Hata aliyekamua ndimu nyingi za sharubati anawe mikono vizuri kabla ya kutoka juani.

Na anayependa kunyonya ndimu ajue kwamba ukali wake hula meno. Asukutue kwa maji baada yake, wala asikimbilie kupiga mswaki papo hapo. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia naye asijilazimishe.

Kliniki haibadilishwi kwa kikapu

Tunarudi kwa yule mkaza mwana. Mjamzito ambaye himoglobini yake imeshuka chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu huhesabiwa kuwa ana upungufu, na upungufu mkubwa unaweza kumfikisha mama kwenye uzazi akiwa hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeistahimili kuitoka, yeye ikamtoa roho. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo. Tena sababu za upungufu ni nyingi: lishe, malaria, minyoo, uzazi uliofuatana bila ya nafasi, na maradhi ya damu ya kurithi kama selimundu, ambayo hapa Pwani yapo. Ndimu haiwezi kujua ni ipi, na kotmiri haiwezi. Kipimo ndicho kinachojua.

Vile vidonge vya kliniki vina miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na foliki asidi. Hakuna kicha cha jani lolote kitakachofika hapo. Kama vinatia kichefuchefu, muuguzi alitufundisha kwamba vinaweza kumezwa usiku baada ya chakula, karibu na kulala, na visimezwe kwa chai wala kwa maziwa. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni kawaida yake. Vikiendelea kumsumbua, arudi kliniki aseme, wala asivitupe kimya kimya.

Na nyinyi akina baba mnaosomewa jarida hili na wake zenu, neno lenu ni hili. Nafaka ya mke ni wajibu juu ya mume, na mke mwenye mimba anakula kwa ajili ya amana yenu nyote wawili. Samaki, nyama, kunde na mboga zipatikane nyumbani kwa kadiri ya uwezo aliokujaalia Allah. Kipande kikubwa cha nyama kisiende kwenye sahani ya mwenye kuhitaji miligramu 8, ilhali mwenye kuhitaji 27 anabakishiwa mchuzi.

Jibu letu

Wiki iliyofuata tulilijibu swali mbele ya darsa, bila ya kumtaja mwenyewe. Tulisema: kwa mizani, kotmiri ina mengi zaidi, kwa sahani, ndimu hutoa vitamini C zaidi, na kwa damu, hakuna mmoja wao anayetosha, ila ndimu huwasaidia wengine wafike. Mwenye kuuliza ni kipi bora ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni: kinaliwa na nini, kiasi gani, na nani?

Mama yule alikuwa amekaa safu ya mbele. Hakusema kitu. Baada ya siku kadhaa alituma salamu kwamba mkaza mwanawe amevirudia vidonge, anavimeza usiku, na kwamba ndimu imerudi nyumbani. Akaongeza kwamba chai ndiyo inayomshinda, lakini wanajitahidi. Kipimo kipya cha damu bado hakijatoka tunapoyaandika haya. Tunamwombea, nanyi mwombeeni.

Allah awape siha mama zetu na mabinti zetu, awajaalie wajawazito wetu kujifungua kwa salama, na atupe sisi tunaosemesha watu elimu ya kuuliza kabla ya kukataza. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.